Majina ya wazee katika karatasi za mabaraza ya Kanisa

Kijana anapotaka kuoa, wazee wetu hawaanzi na mahari. Huuliza kwanza: huyu binti ni mtoto wa nani, mama yake ametoka ukoo gani, na babu yake alizikwa wapi? Mzee mwenye kumbukumbu njema hutaja majina mpaka kizazi cha nne au cha tano, wala hasomi popote. Lakini wazee wa namna hiyo wanapungua. Vita na kutafuta kazi vimetawanya jamaa, na watoto wengi huzaliwa mjini, mbali na makaburi ya mababu. Tena wako watu wengi ng'ambo ya bahari, wajukuu wa wale waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo na Angola, ambao hawana hata mzee mmoja wa kumwuliza. Hao wote, wakitaka kujua asili yao, huanza na kitabu cha ubatizo, na wanafanya vema. Ila kuna hazina nyingine isiyojulikana sana, nayo ni karatasi za mabaraza ya hukumu ya Kanisa.

Tusemapo mabaraza ya hukumu ya Kanisa, msomaji asifikiri jambo moja tu. Tangu zamani askofu ana baraza lake, lenye hakimu na karani, linaloshughulika hasa na mambo ya ndoa. Mbali na hilo palikuwa na Baraza la Uchunguzi wa Imani, lijulikanalo kwa jina la Inkwizisio. Katika Hispania lilidumu tangu 1478 hata 1834, na katika Ureno tangu 1536 hata 1821. Tuanze na ndoa, maana huko faida ni nyingi na machozi ni machache.

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulipunguza vizuio vya udugu katika ndoa, kutoka daraja la saba hadi la nne. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: ndugu wa tumbo moja wako daraja la kwanza, watoto wa hao ndugu wako daraja la pili, wajukuu wao daraja la tatu, na watoto wa wajukuu daraja la nne. Maana yake, watu wawili waliokuwa na babu wa babu mmoja hawakuweza kuoana pasipo ruhusa ya Kanisa. Sheria hiyo ilidumu miaka mia saba. Kitabu cha Sheria cha 1917 kiliipunguza mpaka daraja la tatu, na kile cha 1983 kikaacha kizuio kwa wale wenye babu au bibi mmoja.

Sasa, msomaji, fikiri juu ya kijiji kidogo cha milimani katika Ufaransa, chenye nyumba arobaini au hamsini. Kila mtu ni ndugu ya mwenzake. Kijana na binti wanapotaka kuoana, lazima wamwandikie askofu. Baraza lake huita mashahidi wazee, huwaapisha, na kuwauliza udugu huo ulianzia wapi. Karani huandika jina la babu wa kale juu ya karatasi, kisha hushuka kwa mistari miwili, kizazi kwa kizazi, mpaka kuwafikia hao wawili wanaoomba. Ni jambo lile lile wafanyalo wazee wetu chini ya mti, ila hapo karani ameandika. Mtu wa leo akiipata karatasi kama hiyo, hupata kwa siku moja vizazi vinne vya jamaa, pengine hata kwa miaka ambayo vitabu vya parokia vimeliwa na panya au kuungua.

Tena huonyeshwa sababu za kuomba, na hapo ndipo maisha yenyewe yanapoonekana. Sababu moja iliyokubaliwa ilikuwa udogo wa kijiji, kwa kuwa binti hawezi kupata mume mwema asiye ndugu yake. Nyingine ni umri wa binti, kama amepita miaka 24 na bado hajachumbiwa. Nyingine ni umaskini, kwamba hana mali ya kuletea ndoa. Kitabu cha ndoa hakisemi hayo hata kidogo. Hutaja majina na siku, basi. Katika Ufaransa mabaraza hayo ya kale yalifutwa wakati wa Mapinduzi, mwaka 1790, na karatasi nyingi zilichukuliwa na serikali. Kwa hiyo anayezitafuta aende kwenye nyumba za kuhifadhi maandiko za kila jimbo la serikali, asiishie kwa askofu tu.

Tuje kwa Inkwizisio. Hapa hatuwezi kupamba maneno. Watu walifungwa kwa siri, wengine waliteswa, wengine walichomwa moto. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha mbele ya ulimwengu kwa makosa ya wana wa Kanisa waliotumia nguvu wakidai kutetea ukweli. Lakini baraza hilo liliandika kila kitu, nalo lilikuwa na desturi moja ambayo watafutaji wa jamaa hawawezi kuiacha. Maagizo ya Hispania ya mwaka 1561 yaliamuru kwamba mshtakiwa aulizwe nasaba yake yote: baba na mama, mababu na mabibi wa pande zote mbili, wajomba, mashangazi, ndugu, mke au mume, na watoto. Katika Ureno nako kulikuwa na kikao cha nasaba.

Kwa nini waliuliza hayo? Si kwa kupenda historia. Walitaka kujua kama damu ya mtu ilikuwa na asili ya Kiyahudi au ya Kiislamu. Ubaguzi huo wa Wakristu wapya na Wakristu wa zamani ulifutwa na serikali ya Ureno mwaka 1773 tu. Hata hivyo, swali lililoulizwa kwa nia mbaya limewaachia wajukuu majina ambayo pengine yasingalijulikana kamwe.

Kwa watu wa Afrika jambo hili ni zito zaidi. Mtumwa alipofika Brazili alibatizwa na kupewa jina la Kireno, na katika vitabu vingi aliandikwa jina hilo moja tu, pamoja na jina la bwana wake na neno "Angola" au "Mina". Wazazi wake hawatajwi. Lakini tazama habari za Domingos Álvares, mganga aliyezaliwa karibu na 1710 katika nchi iitwayo leo Benin. Alipelekwa Pernambuco, kisha Rio de Janeiro. Akakamatwa mwaka 1742 na kupelekwa Lisbon. Alipoulizwa nasaba yake, aliwataja baba na mama kwa majina yao ya kwao, Afnage na Oconon, naye karani Mreno akayaandika jinsi alivyoyasikia. Mwana wao, aliyevuka bahari akiwa mtumwa, aliyasema mbele ya hakimu, na kwa hiyo tunayajua. Profesa James Sweet wa Marekani alitoa kitabu juu yake mwaka 2011, kilichojengwa juu ya karatasi za kesi hizo.

Karibu zaidi na sisi ni Luzia Pinta, mwanamke aliyezaliwa Luanda, akapelekwa Brazili, akapata uhuru wake na kukaa Sabará, katika nchi ya machimbo ya dhahabu. Alishtakiwa kwa sababu ya ngoma za kuagua na kuponya, na mwaka 1744 akahukumiwa kwenda kukaa Castro Marim, kusini mwa Ureno. Karatasi za kesi yake zinaeleza mavazi ya ngoma yake na namna ya kuwahudumia wagonjwa. Mtu wa Angola au wa Kongo ya chini akizisoma leo, pengine atatambua mambo ya kwao.

Hata hivyo, msomaji awe na hadhari. Mtu aliyesema akiwa na hofu ya mateso huficha ndugu zake ili wasikamatwe, au husema lile hakimu apendalo kusikia. Karani naye hakujua lugha zetu. Aliandika kwa sikio la Kireno. Na neno "Angola" mara nyingi lilimaanisha bandari ambako mtu alipakiwa merikebuni, wala si kijiji alikozaliwa. Basi karatasi moja isitoshe. Ilinganishwe na nyingine.

Ziko pia kesi za watu waliooa mara mbili. Mume aliacha mke Hispania, akaoa mwingine Meksiko, ambako Baraza lilianza kazi mwaka 1571. Mashahidi waliulizwa pande zote mbili za bahari, kwa hiyo jamaa mbili huonekana katika faili moja. Na sisi tuliopita seminarini tunapendezwa na faili za vijana walioomba upadri katika Ureno na Brazili: kabla ya kupewa daraja, wazazi na mababu wao wote wanne walichunguzwa, na mashahidi wakahojiwa kijijini.

Karatasi ziko wapi? Zile za Ureno zimehifadhiwa Torre do Tombo, mjini Lisbon. Ni kesi zipatazo 40,000 za mabaraza ya Lisbon, Évora na Coimbra, na nyingi zimepigwa picha, zikisomwa bure kwa intaneti. Zile za Meksiko ziko katika hifadhi ya taifa ya nchi hiyo. Baraza la Goa lilikuwa na mamlaka hata juu ya pwani yetu ya mashariki, lakini lilipofungwa mwaka 1812 maandiko yake mengi yaliharibiwa. Huko Roma, hifadhi ya Inkwizisio ilifunguliwa kwa wataalamu mwaka 1998.

Kuhusu kesi za siku hizi, mtu asijisumbue. Mashauri ya kubatilisha ndoa ni siri ya wahusika. Na kwa makosa ya maadili, sheria ya 1983 yaagiza faili ziharibiwe mshtakiwa akifa, au miaka 10 ikiisha tangu hukumu. Hubaki muhtasari na maneno ya hukumu tu.

Lakini kitabu cha ubatizo cha parokia yenu kina ukingo wa ukurasa. Tangu 1908 padri ameagizwa kuandika hapo ndoa ya huyo mbatizwa, na mahali ilipofungwa. Na kama baraza limeibatilisha ndoa hiyo, neno hilo nalo huandikwa papo hapo. Anayetafuta shangazi aliyeolewa mbali na asiyejulikana tena alipo, amwombe padri amsomee ukingo huo kabla ya kufunga safari.