Kwa Nini Vijana Huzamia?



Mtu akisimama katika Mtaa wa Msimbazi baada ya swala ya alfajiri huona jambo ambalo sisi, kwa kulizoea, hatulitazami tena. Mikokoteni yapita imejaa viazi na vitunguu, wachukuzi wameinama chini ya marobota ya nguo, na wachuuzi watandika bidhaa zao kabla jua halijapanda. Ukiwauliza walikotoka, huyu atakuambia Lindi, yule Kigoma, wa tatu Singida. Na jioni, wakikaa kitako kunywa kahawa, mazungumzo yao huelekea mbali zaidi: Durban, Cape Town, Maskati, Ulaya. Safari hiyo ina jina lake, nalo ni kuzamia. Asili ya neno ni kuingia melini kwa siri na kujificha katika shehena. Lakini sasa husemwa juu ya kila mtu aingiaye nchi ya wenyewe bila ya idhini.

Jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu. Kwa hiyo yatupasa kulitazama kwa utulivu, bila ya kulaumu haraka na bila ya kulifumbia macho.

Kwanza tukumbuke kwamba kuhama si aibu wala si jambo geni. Mji wetu wenyewe ulijengwa na wahamaji. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kuujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na watu wakaja kutoka bara na kutoka ng'ambo: Wamanyema, Wanyamwezi, Wahadhrami, Wahindi na wengineo. Hata jina la Kariakoo ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi mahali hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Wala kuambiwa "huna haki ya kukaa hapa" si jambo la nchi za mbali tu. Katika zama za ukoloni, Mwafrika aliyeonekana mjini bila ya kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini kwao. Na baada ya Uhuru, mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa katika mitaa ya mji huu wakapelekwa mashambani. Wengi walirudi. Basi amri peke yake haimzuii mtu ambaye huko kwao hapana la kumweka.

Sasa ni nini kimwondoacho mtu? Sababu ya kwanza ni riziki. Vijana wamalizao shule ni wengi kuliko kazi zilizopo, na mchukuzi wa sokoni hupata cha siku na kukila siku ile ile. Sababu ya pili ni vita na dhulma. Jirani zetu wa Burundi na wa Kongo ya mashariki wamevuka mipaka wakikimbiza roho zao. Hao ni wakimbizi, na Mkataba wa Mataifa wa mwaka 1951 unawatambua. Sababu ya tatu ni wembamba wa mlango wa halali. Atakaye viza ya nchi tajiri huombwa hesabu ya benki na barua ya mwajiri, na msukuma mkokoteni hana hata kimoja katika hivyo. Mlango wa mbele ukifungwa, watu hutafuta dirisha.

Lakini iko sababu ya nne, ambayo haitajwi barazani kwa kuwa inatugusa sisi wenyewe. Sababu hiyo ni aibu.

Tutazame nyumba moja miongoni mwa nyumba zetu. Yumo kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mtoto wa jirani alikwenda Afrika Kusini, akatuma fedha, na nyumba ya mama yake ikapata bati jipya. Tangu siku ile, kila harusini na kila hitimani, mama wa kijana huyu huulizwa, "Na wako je?" Baba hanyanyui macho kijana anapoingia. Hapana aliyemwambia, "Ondoka". Lakini kila siku anaonyeshwa kuwa kukaa kwake ni hasara. Hatimaye anakuja na habari ya wakala atakayemfikisha. Hapo mama anauza cherehani, shangazi anatoa bangili zake za dhahabu, mjomba anauza kiwanja. Fedha yapatikana katika muda wa juma moja. Ajabu ni kwamba kijana yule yule, mwaka uliopita, aliomba sehemu ndogo tu ya fedha hiyo ili apate meza na bidhaa za kuanzia hapa hapa Kariakoo, akaambiwa kuwa nyumbani hamna kitu.

Hilo ndilo tulitakalo kulisema leo. Mara nyingi nauli ya kuzamia ndiyo mtaji uliokuwamo nyumbani. Mali ilikuwapo, kilichokosekana ni imani kwamba mtoto aliye hapa naye aweza kuwa mtu.

Tena aibu hii humfuata huko aendako. Wako vijana wa Dar es Salaam waliojificha melini, wakafika Cape Town, na makao yao yakawa chini ya madaraja ya barabara. Je, ataandika nyumbani kuwa analala chini ya daraja? Hathubutu. Atapiga picha mbele ya gari la mtu, na picha ile itamtoa kijana mwingine mtaani kwake.

Na hatari za njiani si hadithi za kutishia watoto. Mwaka 1992, katika meli iitwayo MC Ruby, Waafrika wanane waliojificha waliuawa na mabaharia na kutupwa baharini. Akaokoka mmoja tu, Kingsley Ofosu wa Ghana. Mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika ghasia za Afrika Kusini, wengi wao wageni waliokwenda kutafuta riziki. Na mwezi wa Juni 2012, hapa hapa nchini kwetu, katika Mkoa wa Dodoma, Wahabeshi zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, wakiwa njiani kwenda kusini, na maiti zao zikatupwa kando ya njia.

Msiba ule wa Dodoma yatupasa tuufikiri zaidi. Kiasi cha mwaka 615 Miladia, Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaelekeza Habesh. Mfalme wake, Najashi, aliwapokea, na Makureshi walipokuja kuwadai, akakataa kuwatoa. Leo wana wa nchi ile wapita kwetu kwa mafungu, na magereza yetu yaliwajaa: mwezi wa Januari 2021 Rais John Magufuli aliwasamehe Wahabeshi 1,789 waliofungwa kwa kuingia nchini bila ya kibali. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini yule dereva anayefunga mlango wa lori juu ya watu kwa ajili ya ujira, akiwa ni Muislamu, na ajiulize atamjibu nini Mola wake.

Hapa pana neno la kuangalia pia. Twasema "wahamiaji haramu" kama tusemavyo nyama haramu. Kitendo chaweza kuwa kinyume cha sheria. Mwanadamu mwenyewe hawi haramu, kwani Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu wote. Maiti iliyookotwa porini ni ya mwana wa mtu.

Dini yetu haikumfunga mtu mahali pamoja. Katika Sura ya An-Nisaa twafunzwa kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni kunjufu kwa mwenye kuonewa. Katika Sura ya Al-Baqara twakatazwa kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Mambo haya mawili huenda pamoja: safari yaruhusiwa, kujiangamiza kwakatazwa.

Na mfano mwema tunao. Abdurrahman bin Auf alihamia Madina akiwa hana kitu. Saad bin Rabii, miongoni mwa Ansari, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaanza kwa samli na jibini, hata akawa miongoni mwa matajiri. Sisi twapenda kuwasimulia vijana habari ya Abdurrahman aliyeomba soko. Je, wazee wangapi miongoni mwetu wamekuwa Saad, aliyetangulia kutoa?

Basi enyi wazazi, kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya wakala, mpeni kijana sehemu yake ya mtaji na muda wa kukosea. Enyi matajiri wa Kariakoo, karadha isiyo na riba na zaka iliyotolewa kwa mpango zaweza kuwaweka vijana wengi katika mitaa hii hii. Nanyi vijana, mwenye kusafiri na asafiri kwa njia ya wazi: pasi iwe yake, mkataba ausome kabla ya kutia saini, na nakala zibaki nyumbani. Na aliyekwisha ondoka, akaanguka huko, mwandikieni leo kwamba mlango u wazi, na kwamba hataulizwa amekuja na nini.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarehemu waliokufa njiani, na atujaalie riziki ya halali katika nchi zetu. Amin.