Tochi ya LED: Mwanga Zaidi Unatoka Wapi?

Je, wajua kwamba tochi ikiongezewa mwanga mara mbili, macho hayaioni kuwa kali mara mbili? Jicho la binadamu lina kipimo chake. Ili mtu aseme bila kusita kwamba tochi hii inawaka maradufu ya ile, mwanga wenyewe lazima uongezeke takriban mara nne, pengine hata zaidi. Kwa hiyo anayelipa fedha zaidi ili apate tochi ya lumeni 1,200 badala ya 1,000 ananunua tofauti ambayo macho yake yataiona kwa shida. Fundi anayetaka kuiongezea nguvu tochi ya LED hana budi kuanza na swali jingine: ni kitu gani kinachoizuia isiwake kwa kadiri ya uwezo wake?

Wilayani Same, swali hilo lina uzito wa pekee. Upande wa mashariki wa milima ya Upare Kusini, barabara inayotoka Same mjini kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu hadi Kihurio inafuata ukanda ulio kati ya milima na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na inapakana na Tsavo Magharibi ya nchini Kenya. Tembo huvuka mpaka huo watakavyo. Mahindi na mpunga vinapokomaa, baadhi yao hutoka porini usiku na kuingia mashambani. Mkulima anayekesha kwenye dungu anahitaji kumwona mnyama akiwa bado mbali. Huko juu milimani, kwenye njia za mteremko za Chome au Mamba, mtu anayerudi nyumbani usiku anahitaji kitu kingine: kuliona jiwe lililo hatua tatu mbele yake. Tochi iliyo bora kwa kazi ya kwanza huwa haifai sana kwa ya pili.

Bluu inayoonekana nyeupe

LED ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu wa kuonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak, akiwa katika kampuni ya General Electric nchini Marekani. Bluu yenye nguvu ilichelewa kwa miaka thelathini. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walifungua njia kwa kuotesha fuwele safi za galiamu naitraidi, na mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, akatoa LED ya bluu yenye mwanga mkali. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Bluu ilikuwa na umuhimu mkubwa kwa sababu LED nyeupe za tochi kwa hakika ni za bluu. Juu ya kipande kinachowaka hupakwa unga wa fosfa wa manjano. Sehemu ya mwanga wa bluu hugeuzwa kuwa manjano, rangi hizo huchanganyika, na jicho huona weupe.

Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni ya Cree ya Marekani ilitangaza LED iitwayo XM-L, kipande cha milimita 5 kwa 5 kinachoweza kutoa hadi lumeni 1,000 kikipitishiwa mkondo wa ampea 3. Hiyo ndiyo iliyosambaza maandishi ya “T6” kwenye tochi nyingi zinazouzwa sokoni. T6 ni daraja la mwanga ndani ya aina hiyo ya LED, na mara nyingi maandishi hayo hubandikwa hata kwenye tochi ambayo ndani yake hamna LED ya Cree.

Mkondo kwanza

Mwanga wa LED hutawaliwa na mkondo unaopita ndani yake, yaani ampea. Tochi iliyotengenezwa vizuri ina bodi ndogo ya saketi, mviringo kama sarafu, ambayo kazi yake ni kuudhibiti mkondo huo. Bodi nyingi za tochi za betri moja hutumia chipu iitwayo AMC7135. Kila chipu hupitisha miliampea 350. Zikiwa nne, LED hupata ampea 1.4, zikiwa nane, ampea 2.8. Fundi mwenye mkono mtulivu huweza kulehemu chipu mpya juu ya zilizopo, mguu juu ya mguu, na mkondo ukaongezeka bila kubadilisha bodi.

Hata hivyo, mkondo ukiongezeka mara mbili mwanga hauongezeki mara mbili. XM-L ikipewa miliampea 350 hutoa takriban lumeni 160 kwa kila wati. Ikipewa ampea 3 hushuka hadi takriban lumeni 100 kwa wati. Ukiunganisha hilo na tabia ya jicho, utaona kwa nini tochi iliyotoka kwenye chipu nne kwenda nane huweza kumaliza betri haraka mno na bado ikamfanya mwenyewe aulize kama kuna kilichobadilika.

Joto, adui wa kwanza

Balbu ya zamani ya nyaya ilipoteza umeme mwingi kama joto, lakini sehemu kubwa ya joto hilo ilitoka mbele pamoja na mwanga. LED haina njia hiyo. Ikiwaka kwa nguvu zote, takriban theluthi mbili za umeme wake hugeuka joto, na joto hilo halina pa kutokea isipokuwa mgongoni mwake. Kwa LED ya wati 10, hizo ni wati sita au saba zilizobanwa kwenye eneo dogo kuliko ukucha. Kadiri inavyopata moto ndivyo mwanga unavyopungua, na ikizidi, unga wa fosfa huharibika, rangi hubadilika na maisha ya LED hufupika.

Basi kabla ya kugusa mkondo, fundi anapaswa kufungua kichwa cha tochi na kuangalia LED imekaa juu ya nini. Katika tochi nyingi za bei nafuu, kipande chake kimewekwa juu ya ubao mwembamba wa alumini unaoelea, umegusa kingo tu za kifuko chake, na chini yake ni hewa tupu. Dawa yake haihitaji gharama kubwa: kuweka LED juu ya kibao cha shaba, kusugua sehemu zinazokutana mpaka ziwe bapa, kupaka grisi ya joto kidogo kati yake, na kukaza vizuri ili joto lifike kwenye mwili wa nje wa tochi na kutoka hewani. Tochi ikipata moto nje haraka baada ya kazi hiyo, ni dalili njema: joto limepata njia. Tochi ya wati 10 inayobaki baridi nje huku ikiwaka inaipika LED yake ndani.

Volti zinazopotea njiani

Wapare wana ndiva, mabwawa madogo ya jadi yanayokusanya maji ya mto usiku ili asubuhi yafunguliwe kumwagilia mashamba. Anayezijua anajua kwamba ndiva iliyojaa haina faida ikiwa mfereji umeziba tope. Ndani ya tochi, betri ndiyo ndiva, na mfereji wake ni springi, swichi na nyuzi za mwili zinazofungwa kwa kuzungushwa.

Hesabu yake ni hii. LED kama XM-L ikipitisha ampea 3 huhitaji takriban volti 3.3. Betri ya lithiamu ikiwa katikati ya matumizi ina takriban volti 3.7. Ziada ni volti 0.4 tu. Kama springi na swichi vina ukinzani wa jumla wa omu 0.1, basi kwenye ampea 3 vinameza volti 0.3, na karibu ziada yote imekwisha. Ndiyo sababu mafundi wa tochi hulehemu uzi mfupi wa shaba ulio laini kutoka juu ya springi hadi chini yake. Springi inaendelea kusukuma betri, lakini umeme unapita kwenye shaba. Kufuta kutu na mafuta kwenye nyuzi za mwili kwa kitambaa chenye spiriti husaidia vilevile. Katika tochi iliyochakaa, kazi hizi mbili huweza kurudisha mwanga mwingi bila kununua kipuri hata kimoja.

Betri: hapa pana hatari

Tochi nyingi za kuchaji zinazouzwa Afrika Mashariki hubeba betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 4. Ikifa, wengi huibadilisha kwa betri ya lithiamu ya 18650, namba inayomaanisha kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Mara nyingi hutolewa kwenye betri kuukuu za kompyuta mpakato. Ni mabadiliko yenye manufaa: betri ni nyepesi, inahifadhi umeme mwingi na inaweza kutoa mkondo mkubwa.

Lakini chaja ya zamani haifai kabisa kwa betri hiyo. Katika tochi nyingi za aina hii, umeme wa ukutani wa volti 230 hupunguzwa kwa kapasita tu, bila transfoma ya kuutenga na mtumiaji. Chaja hiyo haijui kuacha. Betri ya lithiamu ikipita volti 4.2 huanza kuharibika ndani, huweza kuvimba, na inaweza kulipuka moto. Tena, anayeshika nyaya za ndani wakati tochi imechomekwa ukutani anaweza kupigwa na umeme kamili wa nyumbani. Fundi mwangalifu huondoa saketi yote ya zamani na kuweka bodi ndogo ya kuchaji yenye chipu ya TP4056, inayopokea volti 5 za chaja ya simu na kukoma betri inapofika volti 4.2. Betri iliyookotwa ikiwa imeshuka chini ya volti 2, ina tundu, au imebonyea, isifufuliwe.

Maandishi ya betri nayo yasiaminiwe. 18650 nzuri za kawaida hazizidi sana miliampea-saa 3,500. Ile iliyoandikwa 9,900 inadanganya, na kwa kawaida hubeba kidogo kuliko hata ile iliyoandikwa 2,000 kwa uaminifu.

Mwanga wa mbali ni kazi ya kioo

Lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka. Umbali unategemea kandela, yaani mwanga umekusanywa kiasi gani upande mmoja. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi husema tochi inafika mpaka pale mwanga wake unapobaki kama wa mbalamwezi kamili, luksi 0.25. Kwa kipimo hicho tochi ya kandela 10,000 hufika mita 200. Ili ifike mita 400 inahitaji kandela 40,000, mara nne.

Njia rahisi ya kuzipata ni kichwa kipana chenye kioo kirefu cha kuakisi, pamoja na LED ndogo iliyokaa sawasawa katikati yake. Ikikosea kwa milimita moja, katikati ya mwanga hutokea doa jeusi. Wapo wanaovua kofia ya silikoni iliyo juu ya LED: lumeni hupungua, lakini mwanga hukusanyika na kufika mbali zaidi. Ni kazi inayoua LED nyingi, na haifai kujaribiwa kwenye tochi ya pekee iliyopo nyumbani. Kioo cha mbele kilichokwaruzika, kwa upande wake, ni rahisi kubadilisha na hurudisha mwanga mara moja.

Usiku una saa kumi na mbili

Betri moja ya miliampea-saa 2,600 hubeba takriban wati-saa 9.6. LED ikila wati 10 na kutoa lumeni 1,000, betri hiyo haimalizi saa moja. Ikila wati 1 na kutoa lumeni 160, inadumu kama saa tisa. Kwa anayelinda shamba tangu saa 12 jioni, bodi yenye ngazi mbili ni bora kuliko yenye nguvu moja: mwanga mdogo wa kutembelea, na ule mkali wa sekunde chache anaposikia mabua yakivunjika.

Mwanga mkali wenyewe una mipaka. Shirika la Honeyguide, linalofanya kazi kaskazini mwa Tanzania, limewapa wakulima mbinu ya kuwafukuza tembo kwa hatua: kwanza tochi yenye nguvu, kisha honi, kisha fataki ya pilipili, na mwisho fataki za kurusha angani. Tochi iko mwanzoni kwa sababu mara nyingi inatosha, na haiko peke yake kwa sababu tembo huzoea.

Nchini Kenya, kijana Richard Turere alitumia mwanga kufukuza wanyama kwa njia nyingine. Akichunga ng'ombe wa familia yake kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 aliunganisha taa za tochi mbovu, betri ya gari, sola na kifaa cha indiketa cha pikipiki, taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 alieleza uvumbuzi wake kwenye jukwaa la TED huko California. Hakuongeza hata lumeni moja. Alibadilisha mwendo wa mwanga.

Kwa msomaji mwenye tochi iliyofifia, utaratibu ni huu: safisha kioo na nyuzi za mwili, pima betri kwa mita, pitisha uzi wa shaba kwenye springi, kisha tengeneza njia ya joto. LED mpya na chipu za ziada vije mwisho kabisa, na tu ikiwa betri inaweza kuzihimili. Na kama tochi ni ya kuchomeka ukutani, usiifungue kabla ya kuichomoa.