Nyota mweusi aliyenyimwa nafasi Hollywood

WENGI wetu tuliosomea ukimbizini nchini Kenya tulikariri maisha ya Mzee Jomo Kenyatta tangu shule ya msingi. Ambalo hatukuambiwa ni kwamba alipokuwa London miaka ya 1930 aliwahi kuigiza sinema. Filamu yenyewe ni Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, na Mzee alikuwa humo miongoni mwa watu wa kujaza picha tu.

Lakini leo habari si ya Mzee. Ni ya Nina Mae McKinney, Mmarekani mweusi aliyeigiza kama Lilongo, mke wa Bosambo. Bosambo alikuwa Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri.

McKinney alizaliwa mwaka 1912 huko Lancaster, jimbo la South Carolina. Alikuwa hajafikisha miaka 18 mwongozaji King Vidor alipompa nafasi kubwa katika Hallelujah, filamu ya mwaka 1929 ambayo waigizaji wake walikuwa weusi. Kampuni ya MGM ikampa mkataba wa miaka mitano. Hilo halikuwa jambo dogo kwa msichana mweusi wa enzi hizo.

Basi mkataba ukapatikana, kazi ikakosekana. Wanaume waliopewa nafasi za wapenzi katika filamu za Hollywood walikuwa weupe, na kanuni za wenye sinema za mwaka 1930 zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya mweusi na mweupe. Sasa binti mrembo, mweusi, angecheza na nani? Zilibaki nafasi za watumishi na waimbaji wa klabu. Akavuka bahari kwenda Ulaya kutafuta riziki, kama sisi tulivyovuka mipaka, ingawa yeye hakukimbia risasi.

Huko Uingereza ndiko alikokutana na Sanders. Picha za mito na ngoma zilipigwa Afrika, lakini kijiji cha "Kiafrika" walichoigizia wakubwa kilijengwa studioni Uingereza. Robeson aliamini filamu ingeonyesha heshima ya utamaduni wetu. Ilipotoka ikawa inamsifu mkoloni, naye akaikana.

Kuna kisa kingine kinachonikera zaidi. Mwaka 1949 Hollywood ilitengeneza Pinky, hadithi ya msichana mweusi mwenye ngozi nyeupe kiasi cha kudhaniwa Mzungu. Nafasi hiyo alipewa Jeanne Crain, mwanamke mweupe. McKinney alikuwemo, katika nafasi ndogo. Naye Fredi Washington, mweusi mwenye rangi ya maji ya kunde, alipoigiza na Robeson katika The Emperor Jones mwaka 1933, alipakwa rangi imfanye mweusi zaidi, watazamaji wasije wakadhani Robeson anamkumbatia Mzungu. Huyu hafai kwa weusi, yule hafai kwa weupe.

Nawaandikia haya kwa sababu hapa Lemon Gaba, Juba, wasichana wangu wa darasani wananunua mkorogo kabla ya daftari. Nyinyi mnaovusha mizigo Nimule mnazijua katoni hizo; siwalaumu, biashara ni biashara, lakini watoto wanaojichubua ni wenu pia. Muhula huu tuliandaa mchezo wa kuigiza. Kikundi kikamchagua msichana mweupe kuliko wote awe bibi harusi, na mweusi kuliko wote, anayeigiza vizuri kuwashinda, akapewa kubeba sinia.

"Mwalimu, mimi nimezoea," akaniambia.

Nikawasimulia habari za Hattie McDaniel, aliyepata Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi, akaketishwa meza ya pembeni ukumbini. Wakashangaa, maana wao wanamjua Lupita Nyong'o, binti wa Kijaluo aliyeipata mwaka 2014. Uchaguzi umerudiwa. Aliyebebeshwa sinia sasa ndiye bibi harusi, ingawa mama mmoja amekuja shuleni kulalamika.

McKinney alifariki New York mwaka 1967. Nimemwomba mwenye banda la video mtaani atuonyeshe Hallelujah. Amesema filamu isiyotafsiriwa kwa Kiswahili haileti wateja. Nimemwambia anipe kipaza sauti, nitaitafsiri mwenyewe.