Utunzaji wa Vioo vya Taa za Mbele za Magari

Barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi hupita Somanga, na usiku watembea kwa miguu na waendesha baiskeli huitumia pamoja na mabasi na malori. Dereva ambaye vioo vya taa zake vimefifia huwaona wakiwa wamekwisha kuwa karibu mno.

Vioo vya taa za magari mengi ya sasa ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, iliyopakwa utando wa kinga kiwandani. Mionzi ya urujuanimno ya jua huula utando huo na mchanga huukwaruza, ndipo plastiki ikawa ya njano na yenye ukungu. Kuweka balbu kali zaidi si dawa, kwani mwanga hutawanyika na kumwumiza macho anayekuja.

Ukungu wa nje huondolewa hivi: osha taa kwa sabuni, kisha zungushia utepe wa karatasi kulinda rangi ya gari. Sugua kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, ukilowesha muda wote. Ng'arisha kwa polishi ya plastiki. Kioo kikikauka, paka vanishi angavu yenye kinga ya mionzi ya jua. Hatua hii isirukwe, kwa kuwa msasa huondoa utando wa awali. Dawa ya meno hung'arisha kwa muda tu, maana haiachi kinga yoyote.

Kioo kilichopasuka kibadilishwe, kwani unyevu huharibu kiakisi cha ndani. Gari liegeshwe kivulini, na vumbi lioshwe kwa maji, lisifutwe kwa kitambaa kikavu.