Kisumu Tuna Ziwa Zima, Lakini Boti Ikizama Nani Ataingia Chini? Hii Hapa Rada ya Kuzamia

Ukiosha vyombo leo jioni, fanya kitu moja. Chukua kikombe cha plastiki, kigeuze mdomo uangalie chini, kisha kisukume wima ndani ya karai la maji. Utaskia kikombe kinakupigania, kinataka kurudi juu. Hiyo ni hewa imenaswa ndani. Sasa toboa tundu kidogo kwa kitako na ujaribu tena. Hewa inahepa na hilo tundu, maji inajaa, kikombe kinaenda chini bila maneno.

Ukishika hiyo ya karai, umeshika nusu ya mambo yote ya kuzamia. Na umeelewa vile MV Bukoba ilienda chini na watu wakiwa bado hai ndani.

Ilikuwa Mei 21, 1996. Hiyo meli ilikuwa inatoka Bukoba kupitia Kemondo, inaelekea Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria 430 lakini siku hiyo ilikuwa imejaa kuliko mathree ya Kondele saa kumi na mbili jioni. Ikiwa imebaki kidogo tu ifike, ikapinduka, tumbo juu. Haikuzama saa hiyo hiyo. Ilielea, na waliofika hapo waliskia watu wakigonga chuma kutoka ndani. Waokoaji wakatoboa mwili wa meli ili wawatoe. Hewa ikatoka. Meli ikazama.

Watu zaidi ya 800 walikufa. Hakuna aliyetoboa kwa ubaya, walikuwa wanataka kuokoa. Na kazi ya kuingia ndani kutoa miili, ilibidi wazamiaji watoke mpaka Afrika Kusini.

Sasa jiulize wewe wa Dunga, wa Mbita, wa Usenge, wewe huvuka na feri kutoka Luanda K'Otieno kila wiki. Ikitokea leo upande wetu, nani anajua hiyo hesabu ya kikombe?

Kwanza, kuna watu hufanya hii kitu kwa raha

Usicheke. Kuna mji Kanada unaitwa Tobermory, kando ya Ziwa Huron. Baridi ikiisha na barafu ikianza kuyeyuka, mwezi wa nne hivi, vilabu vya kuzamia vya huko vinatoa mitungi stoo. Maji bado ni nyuzi chache tu juu ya barafu. Wanavaa suti haipitishi maji hata tone, ndani wamejaza nguo nzito, halafu wanashuka kuangalia meli za zamani. Moja ni Sweepstakes, meli ya matanga iliyozama 1885. Imelala kwa maji ya mita kama 6 tu, na ukiwa juu ya boti unaiona. Maji baridi na safi yamehifadhi mbao miaka yote hiyo.

Hata Kenya tuko na zetu. Kaskazini ya Mombasa kuna Dania, meli iliyozamishwa makusudi 2002 ili samaki wapate nyumba na wazamiaji wapate pa kutembea. Na mbele ya Fort Jesus kuna mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 wakati Waomani wamezingira ngome. Wanaakiolojia walizamia hapo kuanzia 1977 mpaka 1980 wakatoa vitu kibao.

Ziwa letu pia lina meli zake chini. Mwaka 2005, MV Kabalega ya Uganda iligongana na MV Kaawa, Kabalega ikazama. Lakini hapa kwetu ukiskia mtu ameenda kupiga mbizi, mara nyingi si kwa raha. Ni kwa sababu kuna mtu hajarudi nyumbani.

Hesabu ya hewa

Mzamiaji habebi oksijeni tupu mgongoni, hiyo ni stori ya sinema. Kawaida anabeba hewa ya kawaida kama hii unavuta sahii, ila imekandamizwa. Mtungi wa lita 12 ukijazwa vizuri unabeba hewa kama lita 2,400. Ukiwa juu ya maji umetulia, unatumia kama lita 20 kwa dakika. Piga hesabu: masaa mawili, si ndio?

Hapana. Kila mita 10 ukishuka, maji inakukandamiza zaidi, na kila pumzi inakula hewa nyingi zaidi. Ukiwa baharini mita 20, unakula mara tatu. Yale masaa mawili yanakuwa dakika 40. Toa akiba ya kurudi juu, umebaki na nusu saa. Ukishtuka ukaanza kuhema kama umefukuzwa na kanjo, hata hiyo hupati.

Sheria ya pili ndio kubwa kushinda zote: ukivuta hewa ya mtungi, usishike pumzi wakati unapanda. Hewa ikitoka chini inapanuka. Pafu ukilijaza mita 10 chini ya ziwa letu, ukapanda umefunga mdomo, hewa hiyo itataka nafasi zaidi ya mara mbili. Pafu halina hiyo nafasi. Linapasuka.

Hii inagusa pia yule umeenda kumuokoa. Mtu akinaswa ndani ya chombo kilichozama, hewa anayovuta hapo imekandamizwa tayari. Ukimvuta juu bila kumwambia atoe pumzi njiani, unaweza kummaliza wewe mwenyewe.

Sheria ya tatu: panda polepole. Ukiwa chini, naitrojeni inaingia kwa damu kama gesi kwa soda. Ukifungua soda ghafla unajua kinachotokea. Sasa fikiria hayo mapovu kwa magoti, kwa uti wa mgongo, kwa ubongo. Mwaka 2013 boti moja ilizama kule Nigeria na mpishi wake, Harrison Okene, akakaa kwa mfuko wa hewa kama masaa 60, mita 30 chini. Wazamiaji walimpata hai. Lakini hawakumkimbiza juu wakampa chai. Walimweka kwa chemba maalum siku mbili na zaidi, mwili ukirudishwa hali ya kawaida pole pole. Wangemtoa mbio, angekufa akiwa ameshaokolewa.

Kwa nini Kisumu ni noma zaidi

Maji yetu hayana baridi ya Tobermory. Lakini kuna mambo manne lazima ujue.

Moja, giza. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na mito kama Nyando na Sondu inaleta udongo. Ongeza mwani wa kijani na magugu maji. Ukinyoosha mkono unaweza kosa kuona vidole vyako. Huku mzamiaji anaona na vidole na kamba. Anafungwa kamba, mwenzake wa juu anaishika, na wanakubaliana mapema: mvuto mmoja maana yake nini, miwili nini. Anazunguka nanga kama mbuzi kwa kigingi, kila mzunguko akiongeza kamba kidogo. Bila hiyo, unapapasa tu mahali pamoja ukidhani umezunguka ziwa.

Mbili, nyavu. Zile nyavu za plastiki zilizopigwa marufuku hazikuisha kwa ziwa. Zikikatika zinabaki chini, zinaendelea kushika. Hazichagui kati ya mbuta na mguu wako. Mzamiaji huku hatoki bila kisu, na si kimoja.

Tatu, tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,135 juu ya bahari, kwa hivyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Jedwali la muda wa kuzamia lililotengenezewa bahari halifanyi kazi hapa vile lilivyo, lazima urekebishe. Na kuna mtego wa kimya kimya: umezamia asubuhi, jioni unapanda shuttle ya Nairobi. Barabara inapita Kericho, zaidi ya mita 2,000, halafu inazidi kupanda. Kwa mwili wako hiyo ni kama kufungua soda mara ya pili. Wanaozamia mara kadhaa huambiwa wangoje angalau masaa 18 kabla ya kupanda ndege. Kupanda mlima mapema nako kuna hatari hiyo hiyo, kwa hivyo lala Kisumu, kula samaki, utaenda kesho.

Nne, wenyeji wa maji. Kiboko hana utani, jina Hippo Point halikutoka hewani. Na karibu na ufuo kuna konokono wanaobeba kichocho, kinachoingia kupitia ngozi hata kama hujameza maji. Dawa iko na inafanya kazi, lakini lazima upimwe. Ukikaa kimya, ini ndio litalipa.

Wale wanaingia sahii

Ukikaa beach za huku unajua vile huenda. Mtu amezama, kelele zimepigwa, wamama wameshika vichwa. Vijana wa hapo hapo, wavuvi, wanavua shati wanaingia. Bila mtungi, bila kamba, ni pumzi tu na moyo.

Heshima kwao. Lakini wanacheza na kitu hawaambiwi. Wengi huvuta pumzi haraka haraka mara nyingi kabla ya kushuka, wakidhani wanajaza oksijeni. Ukweli ni kwamba wanatoa kaboni dioksidi, na hiyo ndio kengele inayokuambia panda juu. Kengele ikizimwa, oksijeni inaisha kimya kimya na mtu anazimia chini bila hata kuskia shida. Ndio maana mwogeleaji mkali anaweza kufa kwa maji anayoyajua tangu utotoni. Aliyekuja kutafuta mmoja, sasa mnatafuta wawili.

Na usidhani msaada mkubwa utawahi. Likoni, Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwa feri na mama na mtoto wake ndani. Hiyo ni Mombasa, penye jeshi la wanamaji. Gari lilitolewa Oktoba 11, kutoka mita 58 chini. Nchi nzima ilingoja karibu wiki mbili. Kutoka Mombasa mpaka Kisumu ni zaidi ya kilomita 800 za barabara.

Cheki sasa upande wa pili. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 43 walikuwa ndani, 24 wakatoka hai. Wa kwanza kufika hawakuwa na kofia wala ving'ora. Walikuwa wavuvi na boti zao. Na Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220, siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amejificha kwa mfuko wa hewa. Kikombe kwa karai, kumbuka? Safari hii hakikutobolewa.

Kwa hivyo, klabu

Ndio maana nasema klabu ya kuzamia Kisumu si mambo ya mabuda wa kupiga picha. Wale wa Tobermory wakishuka kila msimu kuangalia mbao za 1885, wanafanya mazoezi: kamba, kisu, hewa ya akiba, kupanda polepole, kumtoa mwenzako aliyenaswa. Raha yao ndio shule yao. Siku mtu akizama, kuna mbogi ya watu ambao mikono yao inajua kazi tayari.

Hapa hatuhitaji meli ya kifahari chini. Tunahitaji mashine ya kujaza hewa safi, mitungi michache, kamba, boti yenye mota, oksijeni ya huduma ya kwanza, na mwalimu mwenye leseni. Wanafunzi tayari wako, ni wale wale wanaovua shati kila mara. Wapewe masomo, vifaa, bima na malipo. Pwani kuna shule za kuzamia, Diani mpaka Watamu. Kaunti za ziwa zikipeleka vijana wachache kila mwaka, wakirudi wanafunze wengine.

Wewe mwenyewe, kabla hujafika kwa mtungi, anza na hizi. Jifunze kuogelea. Ukipanda boti, vaa jaketi la kuokoa maisha ufunge kamba zote, usilikalie kama mto. Boti ikiwa imejaa, shuka, hata kama nahodha anakutusi. Ikipinduka, shikilia mwili wake, usijaribu kuogelea mpaka ufuo unaouona karibu. Mtu akizama, mrushie kitu kinachoelea: mtungi wa mafuta mtupu, ubao, chochote, kabla hujafikiria kuruka.

Na ukiskia mtu anagonga kutoka ndani, omera, usikimbilie kutoboa. Jibu kwa kugonga ili ajue ameskika. Wafunge boti kando zisaidie chombo kisiende chini, zuia watu kupanda juu yake, na utafute mtu anayejua kuingia kwa chini.

Shida ni hapo mwisho. Huyo mtu, kwa sahii, utampigia simu wapi?