Paka wa Nyumba Haingwa

Kila aijuaye Lamu ajua kwamba mji huu una wenyeji wa miguu miwili na wa miguu minne. Punda wana kazi yao ya kubeba mawe na mchanga. Lakini paka hawana mkataba na mtu. Utawakuta barazani, ukutani, chini ya meza ya muuza samaki, na ukisahau mlango wazi utawakuta kitandani mwako.

Wangu aitwa Nunu. Mwanangu mdogo alimwokota njiani, macho yake hayajafunguka sawasawa, na mamake haonekani. Tukamlea kwa kitambaa kilichochovywa maziwa.

Alipofikisha miezi minne, nyumba haikuwa na kitu salama. Alianza na matamvua ya kikoi. Akahamia kwenye makubadhi, akala ukanda wa kidoleni. Mkeka wa ukindu wa mama aliutafuna ukingoni kama mbuzi aliyeona majani. Siku moja nikakuta waya wa kuchajia simu umekatwa vipande viwili, naye amekaa kando akijiramba kama atiaye udhu.

Hayo yote niliyacheka. La kofia sikuweza kulicheka.

KOFIA

Mimi hushona kofia za vito. Asiyeijua kazi hii hushangaa bei, aijuaye hunyamaza. Kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja huchukua miezi. Bwana harusi mmoja alikuwa ameniagiza yake ya kuvaa siku ya nikaha, na nusu ya fedha amekwisha toa. Ilibaki wiki moja, nami nimebakisha kuunga kipande cha juu na cha ubavuni tu. Nikasikia adhana ya alasiri, nikaiweka mkekani, nikaenda msikitini.

Niliporudi, Nunu alikuwa amelala juu yake. Ukingo umetafunwa upana wa vidole vitatu.

Sikusema neno. Nilimtia guniani nikaelekea mlangoni, nia yangu nimpakie mashua iendayo Mokowe, akatafune huko bara. Mama alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua uso.

"Mwanangu," alisema, "paka wa nyumba haingwa. Na hiyo kofia, nani aliyeiweka chini?"

Nikakaa kitako. Mama akanikumbusha niliyoyasikia chuoni tangu utoto: jinsi sahaba Abu Huraira alivyopata jina lake kwa ajili ya kipaka, jinsi Abu Qatada alivyoinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kwani Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani, na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa.

"Na wewe wataka kumtia guniani kwa sababu ya uzi?" akauliza.

DAKTARI

Jioni ile ile nilimwendea daktari wa mifugo. Alicheka sana, kisha akaniuliza huo uzi uliotafunwa ulikwenda wapi. Nikamwambia sijui. Hapo akaacha kucheka. Alinieleza kwamba uzi uliomezwa huweza kunasa chini ya ulimi au tumboni, matumbo yakajikunja kama nguo iliyovutwa uzi, na paka akafa. Ukiuona umetokeza, usiuvute; mpeleke kwa daktari. Waya wenye umeme nao huweza kumuua, hata kuiwasha moto nyumba.

Kumbe nilikuwa nikiililia kofia, na aliye hatarini ni mwingine!

Nikamuuliza kwa nini paka atafune kisicholika. Alisema kipaka ni kama mtoto mchanga: meno yake 26 ya utoto hung'oka na kuota 30 ya ukubwani, na hayo humwasha kati ya mwezi wa tatu na wa sita au wa saba. Tena aliyetengana na mamake mapema mno huweza kubaki na ada ya kunyonya na kutafuna nguo. Wengine husumbuliwa na njaa, au upweke. Kumpiga hakumfundishi ila kukuogopa.

Tulimchunga Nunu siku tatu akila na kwenda haja, mpaka nikapumua. Siku hizi uzi na sindano hulala katika mkebe wenye kifuniko, waya huangikwa juu, na kila magharibi mwanangu humchezesha kwa kidaka cha nazi mpaka achoke, ndipo apewe samaki wake.

Kwa bwana harusi nilikwenda mwenyewe, kabla habari haijamfikia. Nilimwazima kofia yangu ya Idi avae siku ya nikaha, na nikamwahidi yake bila kuongeza hata senti. Alinitazama kitambo, akauliza, "Paka yu hai?" Nikamjibu yu hai. "Alhamdulillahi," akasema. "Kofia itashonwa."

Sisemi kwamba Nunu ametubu. Juzi tu alikula pembe ya mto. Lakini yeye hakujua thamani ya kofia ile. Mimi niliijua, nikaiacha mkekani. Ndugu msomaji, ukiwa na paka mtafunaji, kabla ya kutafuta gunia, tafuta mkebe.