Geto la Venice: Mtaa Uliokua Kwenda Juu

Ukitoka kituo cha treni cha Santa Lucia, mjini Venice, kata kushoto, vuka daraja la Guglie, pinda kushoto tena ufuate mfereji wa Cannaregio. Baada ya hatua chache utaona kichochoro kinachopita chini ya nyumba, chembamba na chenye kiza hata mchana. Kwenye kingo zake za mawe bado yanaonekana matundu ya bawaba. Hapo palikuwa na lango, na ndani yake ni mtaa wa Wayahudi ambao jina lake, geto, baadaye lilienea dunia nzima.

Mwaka 1509 Venice ilishindwa vitani, wakimbizi kutoka bara wakamiminika mjini, Wayahudi wakiwamo. Wahubiri walipiga kelele wafukuzwe. Hazina ilitaka kodi zao, na maskini wa mji walihitaji mahali pa kukopa. Seneti ikaamua tarehe 29 Machi 1516: wabaki, lakini wakae wote kwenye kisiwa kidogo cha Ghetto Nuovo, jirani na mahali palipokuwa na kiwanda cha kusubu shaba. Malango yafunguliwe asubuhi kengele ya San Marco ikilia, na usiku yafungwe. Walinzi walikuwa Wakristo, na mashua za doria zilizunguka mifereji. Gharama za ulinzi huo wakabebeshwa Wayahudi wenyewe. Wapangaji Wakristo walihamishwa, na kodi za nyumba zikapandishwa kwa theluthi moja. Kwa kuwa Myahudi hakuruhusiwa kumiliki nyumba, alilipa alichoambiwa. Mpangaji wa Kariakoo hahitaji kuelezwa zaidi.

Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Mtaa uliongezewa kipande mwaka 1541 kwa ajili ya wafanyabiashara Wayahudi waliotoka dola ya Uturuki, na kingine mwaka 1633, lakini havikutosha. Kwa hiyo wakajenga kwenda juu. Ukisimama katikati ya uwanja wa Ghetto Nuovo utaona nyumba za ghorofa sita, saba, hata zaidi, katika mji ambao nyumba zake nyingi ni fupi kuliko hizo. Hesabu madirisha: yamebanana kwenda juu, kwa sababu dari zilishushwa ili patoshe ghorofa nyingine. Karne ya 17 watu wapatao 5,000 waliishi humu.

Sinagogi nazo zilipanda juu. Ziko tano, na mgeni anaweza kuzunguka uwanja mzima asiione hata moja, maana zile za kwanza zimewekwa ghorofa za juu kabisa za nyumba za kawaida. Dini ilitaka pasiwe na kitu kati ya mahali pa sala na mbingu. Uhaba wa nafasi nao ulisema hivyo hivyo. Scola Tedesca ya Wayahudi wa Kijerumani ilijengwa mwaka 1528. Alama yake kwa nje ni madirisha matano makubwa yaliyopangwa kwa mstari. Nje ukuta mkavu, ndani nakshi za mbao na dhahabu. Kwangu mimi hakuna kitu Venice kinachoshangaza kuliko tofauti hiyo.

Kazi zilizoruhusiwa zilikuwa chache: kukopesha kwa rehani, kuuza mitumba, utabibu. Matabibu ndio waliopewa ruhusa ya kutoka usiku kwenda kwa wagonjwa. Hapa ndipo msomaji wa *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, anapopaswa kutulia kidogo. Shakespeare aliandika tamthilia hiyo malango yakiwa yamefungwa kila usiku kwa miaka karibu 80, lakini geto halitaji hata mara moja. Shylock wake, mkopeshaji Myahudi, anatoka jioni kwenda karamuni kwa Bassanio, na bintiye anatoroka usiku bila kukutana na mlinzi wa lango. Wakopeshaji wa kweli hawakuwa na uhuru huo. Kuendesha benki za maskini lilikuwa sharti la kuruhusiwa kukaa mjini, na riba ilipangwa na serikali, mwishowe ikashushwa hadi asilimia 5. Moja ya benki hizo, Banco Rosso, bado inaonyeshwa chini ya matao ya uwanja.

Napoleon aliiangusha Jamhuri ya Venice mwaka 1797, na malango yakang'olewa na kuchomwa moto. Wenye uwezo wakahamia mitaa mingine.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Septemba 1943 Wajerumani walipouteka mji, daktari Giuseppe Jona, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi, alijiua badala ya kuwakabidhi orodha ya watu wake. Hata hivyo Wayahudi 246 walikamatwa na kusafirishwa kwenye kambi za mauaji, wakiwamo wazee wa nyumba ya kutunzia wazee iliyopo hapo hapo uwanjani. Walirudi wanane. Sanamu za shaba za mchongaji Arbit Blatas ukutani zinaeleza habari hiyo. Watalii wengi huzipita wakitafuta pa kula.

Leo Wayahudi wa Venice ni mia chache tu, na wengi wao hawaishi getoni. Sala bado zinaendelea: majira ya baridi katika Scola Levantina, majira ya joto katika Scola Spagnola. Ukienda, lipia ziara ya sinagogi pamoja na mwongozaji, kwani peke yako huruhusiwi kuingia, na usichague Jumamosi, siku ya Sabato, maana jumba la makumbusho ya Wayahudi, linaloendesha ziara hizo, hufungwa.